Ford Model A ya 1930: usukani unapiga shimi nikigusa rasta, nianzie wapi?

Mwana_Tudor

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua gari hizi. Ni Ford Model A Tudor ya 1930, usukani kulia, zile zilizoletwa kutoka Ford ya Kanada kwa ajili ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Rimu za inchi 19, tairi mpya 4.75-19, upepo psi 28. Boksi ya stelingi ni ile ya meno mawili.

Kwenye lami laini inakwenda vizuri mpaka kilomita 60 kwa saa, ila inatangatanga kidogo, lazima uirudisherudishe. Shida ni tairi moja likigusa rasta au kishimo nikiwa kati ya 45 na 55. Mbele yote inaanza kutikisika kulia na kushoto, madigadi yanacheza, usukani unataka kuchomoka mikononi. Haitulii mpaka mwendo ushuke chini ya 20.

Balansi imefanywa mara mbili, hakuna mabadiliko. Mafundi watatu wametoa majibu matatu: wa kwanza anataka kukaza boksi, wa pili anataka kufunga dampa ya stelingi (kifaa cha kuzima mtikisiko) ya gari nyingine, wa tatu anataka kuweka kabari kati ya springi na eksli. Vipuri vyote vinaagizwa Marekani, kwa hiyo sitaki kununua kwa kubahatisha. Nipime nini, na kwa mpangilio upi?

Fundi_Kerezo

Mkuu, usinunue kitu bado. Maelezo yako yameshawaondoa nusu ya washukiwa. Mtikisiko wa balansi huja taratibu kadiri mwendo unavyopanda, hata kwenye lami laini, na ukiuvuka mwendo wake unafifia. Wako unasubiri kuchokozwa na rasta, na ukishaanza unaendelea hata ukipunguza mwendo. Hiyo ni shimi yenyewe. Kwenye eksli ya mbele ya kipande kimoja chanzo chake karibu kila mara ni mchezo mdogomdogo, yaani ulegevu, uliojikusanya kwenye viungo vingi, mara nyingine ukichangiwa na kasta (mlalo wa kingipini kuelekea nyuma) isiyo sahihi.

Tairi linalozunguka lina tabia ya pia, kile kichezeo cha watoto: ukilisukuma liiname, linajibu kwa kugeuka. Tairi la kushoto likipanda rasta, eksli yote inainama, na matairi yote mawili yanageuka kidogo kwenye kingipini, zile pini za wima kwenye ncha za eksli. Kasta inayavuta kurudi katikati, yanapitiliza, mgeuko huo unaiinamisha eksli upande wa pili, na safari inaanza upya. Tairi lako lina kipenyo cha milimita 724 hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 50 kwa saa linazunguka kama mara 6 kwa sekunde. Viungo vikiwa vizima, msuguano wake unaimeza nguvu hiyo baada ya mtikisiko mmoja au miwili. Vikiwa na mchezo, tairi linapata nafasi ya kushika kasi kabla halijazuiwa na kitu.

Ndiyo maana ugonjwa huu ulishamiri Marekani katikati ya miaka ya 1920, tairi nene za upepo mdogo zilipoingia (Firestone, 1923) na breki za mbele zikaongeza uzito kwenye magurudumu. Jina lenyewe, shimi, ni la dansi ya kutikisa mabega iliyovuma huko wakati huo. General Motors walikuja kuukwepa mwaka 1934 kwa kuiacha eksli ya kipande kimoja kwenye magari yao mengi. Wewe wa 1930 huna njia hiyo.

Vipimo sasa. Kwanza jaza upepo psi 35, ndicho kipimo cha Ford kwa gari hii. Kwa 28 ubavu wa tairi unalegea na shimi inapata chakula. Usiishie hapo hata ukiona nafuu.

Pili, tairi zikiwa chini na injini imezimwa, mtu mmoja akae kwenye kiti auchezeshe usukani kulia na kushoto, kidogo tu na kwa haraka, kama inchi 2 kila upande. Wewe ingia chini na taa. Weka kidole kwenye kila kiungo kimoja baada ya kingine, nusu ya kidole upande huu wa kiungo na nusu upande wa pili. Mchezo ambao jicho halioni kidole kinausikia. Viungo vya boli (vichwa vya chuma vya duara, siyo bolti) viko vinne: mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi, kisha mkono wa spindeli ya kulia (spindeli ni kipande kinachobeba tairi na kugeuka nalo) ambao kwa usukani wa kulia una boli mbili, moja ya draglinki (fimbo inayotoka kwenye pitimani) na moja ya tairodi (fimbo inayounganisha pande mbili), na mkono wa kushoto wenye boli moja. Angalia pia kama boksi lenyewe linasogea kwenye chesisi. Bolti za boksi zikilegea, hutaona tofauti hata ukibadilisha kila kitu kingine.

Tatu, piga jeki chini ya eksli, siyo chini ya wishiboni (nitaieleza kwenye hatua ya nne). Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi ya tairi. Ukibaki vilevile ni kingipini. Beringi ni kazi ya dakika tano: kaza nati ya spindeli huku ukizungusha tairi mpaka lianze kugoma, rudisha tundu moja, tia kota pini mpya.

Nne ni ile inayosahaulika: boli ya nyuma ya wishiboni, ile fimbo ya umbo la V inayotoka kwenye eksli na kuishia chini ya nyumba ya flaiwili. Tia mtaimbo uibenue kulia, kushoto, juu na chini. Boli hiyo ndiyo inayoizuia eksli isizunguke. Ikicheza, kasta yako inabadilika kila unapokanyaga kishimo. Angalia na nati za perchi, pale wishiboni inapoikamata eksli. Kutu ya unga mwekundu kuzunguka nati ni dalili kwamba inasogea.

Tano, toini (kiasi ambacho tairi zimekaribiana zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma) na kasta. Zipime mwisho, kwa kuwa hazipimiki kwa uhakika viungo vikiwa vimelegea. Leta namba hapa.

Rimu19

Nyongeza kuhusu matairi, maana "balansi mara mbili" si lazima imaanishe kitu kwa rimu hizi. Mashine nyingi za maduka ya tairi zinashika rimu kwa koni kupitia tundu la katikati. Tundu la rimu ya Model A ni kubwa mno, koni haikai sawasawa, na mashine inakupa namba za uongo.

Fanya balansi juu ya habu yake mwenyewe. Inua eksli, rudisha breki zisiguse kabisa, legeza beringi kidogo kuliko kawaida, zungusha tairi uliache lisimame lenyewe. Likisimama sehemu ileile mara tatu, upande wa chini ndio mzito. Bandika vipande vya risasi juu, upande wa pili, mpaka liwe linasimama popote. Ukimaliza rudisha beringi na breki kwenye kipimo chake, usisahau.

Kabla ya hapo simika waya karibu na ukingo wa rimu, zungusha, utazame nafasi inavyobadilika. Ikipita milimita 3 kwa pembeni au kwa juu, rimu imepinda. Spoki za Model A zimechomelewa, hazikazwi kama za baiskeli. Rimu iliyopinda inanyooshwa kwenye presi au inabadilishwa. Angalia pia ule mstari wa tairi unaofuata ukingo wa rimu. Usipokuwa na umbali sawa pande zote, tairi halijakaa: toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Springi_Mbili

Kabari zinafanya kazi vizuri tu. Chevrolet za miaka hiyohiyo zilitibiwa hivyo, kabari ya digrii mbili kila upande na shimi inaisha. Sijui kwa nini watu wanazikwepa.

Fundi_Kerezo

Kwa Chevrolet sawa, kwa sababu ina springi mbili za urefu na eksli imefungwa moja kwa moja chini ya springi. Ukitia kabari, sehemu nene nyuma, eksli inalala na kasta inaongezeka. Ford ina springi moja ya kukingama iliyoning'inizwa kwa shakeli. Springi hiyo haiishiki pembe ya eksli hata kidogo. Inayoishika ni wishiboni. Ukitia kabari kwenye Ford unaipinda springi tu. Fundi huyo wa tatu si mbaya, ila amezoea gari za namna nyingine.

Na tukumbuke kasta si kitu cha kuongeza tu. Ikipungua gari linatangatanga. Ikizidi, tairi linavutwa kurudi katikati kwa nguvu kubwa mno na shimi ndiyo inakolea.

Mwana_Tudor

Nimepima siku mbili. Upepo sasa 35: shimi inaanzia 52 badala ya 45, lakini ipo. Mengine:

Rimu zote mbili ziko chini ya milimita 2. Beringi ya kushoto ilikuwa imelegea, imekazwa. Kingipini: tairi la kulia linacheza milimita 4 ukingoni na breki imekanyagwa, la kushoto milimita 2. Boli nimezipima kwa vernia baada ya kufungua: ya pitimani ni 25.3 kwa 25.2, ya draglinki kwenye spindeli 25.2 kwa 24.0, za tairodi ni 25.1 kwa 24.3 na 25.2 kwa 24.8. Wishiboni inapanda na kushuka kama milimita 5 nikitia mtaimbo. Toini milimita 8. Kasta sijajua kuipima.

Boksi: usukani unazunguka inchi 2 na nusu ukingoni kabla draglinki haijasogea.

Fundi_Kerezo

Namba safi sana hizi. Zinasema hivi.

Milimita 8 za toini zimewekwa na mtu. Kipimo cha Ford ni inchi 1/16, yaani milimita 1.6, ikizidi au kupungua kwa nusu yake. Aliyeweka 8 alikuwa anaificha shimi: tairi zikibanwa sana kuelekea ndani zinavutana, mchezo wote unaminywa upande mmoja, na mtikisiko unapungua kwa muda. Gharama yake ni mpira. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume; njia moja italaini na nyingine itakwaruza kama tupa. Usiirekebishe sasa, iache iwe ya mwisho.

Boli mpya ni inchi 1 kamili, 25.4. Ya pitimani bado ina maisha. Ile ya 24.0 imekuwa yai, na yai haliponi kwa kukazwa. Ukiikaza tairi zikiwa zimenyooka, inakaa kwa upande wake mwembamba. Ukikata kona unaingia upande mnene, kiungo kinagoma, na usukani haurudi. Hapo ndipo mikono huvunjika. Za tairodi nazo zibadilishe, kwa kuwa gari litakuwa limeshafunguliwa. Ama unanunua mikono mizima, ama boli mpya zinachomelewa kwenye mikono ya zamani: boli la zamani linakatwa, shina linakerezwa, boli mpya lenye tundu linavishwa na kuchomelewa kwa nyuma. Kazi hiyo mpe mtu anayechomelea vyuma vya kufuliwa kila siku, apashe mkono moto kwanza na auache upoe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu, siyo kwenye maji. Kisha kagua nyufa kwa rangi ya kupenyeza. Kama huna mtu wa namna hiyo, nunua. Mkono wa spindeli ukikatika barabarani huna usukani tena.

Ukirudisha ncha za draglinki na tairodi, zingatia mpangilio wa springi na vikombe ulivyovitoa; piga picha kabla ya kufungua. Kaza plagi mpaka igome, rudisha mpaka tundu la kwanza la kota pini, basi. Plagi ikikazwa mpaka mwisho, springi inalala kabisa na kiungo kinakuwa kigumu. Ikilegezwa sana, springi inaminywa kila tairi linapopigwa, na hapo umejirudishia mchezo kwa njia nyingine.

Kingipini ndiyo kazi kubwa. Milimita 4 ukingoni mwa tairi ni karibu milimita 0.7 kwenye bushi, nyingi mno. Badilisha pande zote mbili, hata hiyo ya milimita 2.

Toa tairi, habu na dramu, kisha bamba la breki. Kumbuka kwamba kingipini ya Model A ina uwazi katikati na pini ya breki inapita humo, kwa hiyo usiigonge kingipini pini hiyo ikiwa bado ndani. Kingipini imezuiwa na pini ya kufungia inayopita kwenye eksli. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya nyuzi, gonga juu ya nati ili usiharibu nyuzi, kisha itoe. Baada ya hapo gonga kingipini itoke. Ikigoma, mafuta ya kupenyeza na usiku mzima, siyo nyundo kubwa zaidi.

Kabla ya kusonga mbele chukua kingipini mpya uipitishe kwenye tundu la eksli. Inatakiwa iingie kwa kubana. Ikiingia kwa kuteleza na kutikisika, tundu la eksli limeliwa, na bushi mpya hazitakusaidia chochote. Tundu hilo linachongwa na kuvishwa bushi ya chuma. Watu wengi wanakwama hapa: wanabadilisha bushi za spindeli, shimi inabaki, wanalaumu vipuri.

Bushi mpya ziingizwe kwa presi au kwa bolti ndefu na wasa, tundu la grisi lielekee kwenye nipeli. Kisha zichongwe kwa rima (chombo cha kupanua tundu) ndefu yenye kiongozi, inayopita bushi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukichonga ya juu peke yake na ya chini peke yake, mistari haitaendana, kingipini itabana pembeni, na utaona usukani mzito kwa wiki mbili halafu mchezo unarudi. Kipimo ni kingipini kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kutikisika. Beringi ya kubeba uzito inakaa chini ya eksli, kati yake na sikio la chini la spindeli. Nafasi inayobaki juu ijaze kwa shimu (pete nyembamba za chuma), spindeli isipande na kushuka lakini igeuke kwa mkono.

Wishiboni: milimita 5 ni mchezo wa boli na kikombe chake. Boli linajazwa kwa kuchomelewa na kukerezwa liwe duara tena, au linakatwa na kuwekwa jipya. Bolti za kikombe zina springi chini yake. Zirudi na springi zake na kota pini mpya. Kuna watu wanaweka kiti cha mpira. Kinazima kelele vizuri, ila juu yake ni nyumba ya flaiwili, na Model A inadondosha oili hapo hata ikiwa nzima. Mpira ukilowa oili unalainika. Kwa gari yenye shimi mimi naweka chuma.

Wakati kingipini ziko nje pima kasta. Gari likae sawa kwenye sakafu, eksli ya mbele ikiwa juu ya stendi kwa urefu uleule linaposimama kwenye tairi zake. Chomeka fimbo iliyonyooka kwenye tundu la kingipini, ning'iniza timazi pembeni yake. Kwa kila milimita 100 za urefu, kichwa cha fimbo kirudi nyuma milimita 8.7. Hizo ndizo digrii 5 za Ford. Pande mbili zikitofautiana zaidi ya nusu digrii, eksli imepindwa au wishiboni imepinda mguu mmoja. Jeki iliyowekwa chini ya wishiboni inatosha kuipinda.

Bati_la_Kale

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na Model T: msichukue namba hizi moja kwa moja.

Kasta ya Model T ni digrii 5 na nusu. Toini ni kati ya inchi 3/16 na 1/4, na magurudumu yamepanuka juu kwa inchi 3 kuliko chini, kwa hiyo pima toini kwenye kimo cha habu tu. Ukipima juu au chini kidogo, umepima kitu kingine. Haina breki za mbele, kwa hiyo ule ujanja wa kukanyaga breki haupo. Chomeka kabari ya mbao kati ya habu na spindeli kuiziba beringi, kisha ndiyo utikise tairi.

Viungo vya draglinki ya T havina springi. Ni vikombe viwili vinavyofunika boli, vimefungwa kwa bolti. Vikilegea, toa vikombe, piga tupa nyuso zake zinazokutana, kidogokidogo kwenye kioo chenye msasa, mpaka vishike boli bila kuikaba. Tairodi nayo ina bolti ndani ya bushi, siyo boli. Bushi zikiliwa zibadilishwe zote, na bolti nazo, kwa sababu bolti zinaliwa umbo la kiuno.

Kosa la kawaida baada ya ukarabati wa T ni kubadilishana perchi za springi, ya kushoto kulia. Zinafanana, lakini zimelala pembe tofauti. Ukizigeuza, kasta inapotea na gari linatangatanga hata kama kila kiungo ni kipya.

Na kwa T kuna hatari nyingine isiyo shimi. Usukani wake una uwiano mdogo, 4 kwa 1, na kwa zile za 1926 na 1927 ni 5 kwa 1. Viungo vikichakaa na ukakata kona kali sana, mkono wa chini unaweza kupitiliza katikati, na ukirudisha usukani tairi zinakata zaidi badala ya kunyooka. Hilo ni jambo la kutibiwa siku hiyohiyo.

Mwana_Tudor

Asante Bati, wangu ni A ila hilo la kupitiliza limenitisha hata mimi.

Swali kwa Fundi: dampa je? Kabla sijaagiza, kuna anayesema dampa peke yake itamaliza kila kitu kwa bei ya kingipini moja.

Fundi_Kerezo

Itamaliza unachokisikia mikononi. Mchezo unabaki palepale chini, unaendelea kula, ila sasa hausikiki. Kingipini ya milimita 4 leo itakuwa 8 mwakani, na dampa haitazuia tairi kulala. Funga viungo kwanza, jaribu, halafu kama bado unaitaka dampa kwa ajili ya barabara za makorongo, weka. Sina ugomvi nayo ikija ya mwisho.

Na kwa sasa, ukilazimika kuendesha: shimi ikianza toa mguu kwenye gesi, shika usukani kwa nguvu ya wastani, wala usipambane nao, breki iguse polepole. Kukanyaga breki ghafla kunashusha uzito wote mbele na kuikoleza.

Mwana_Tudor

Mrejesho. Kingipini mbili, bushi, beringi za chini, mikono miwili ya spindeli mipya, boli la wishiboni limekerezwa. Tundu la eksli upande wa kulia lilikuwa limeliwa kweli, limevishwa bushi. Kasta: kulia milimita 8.5 kwa 100, kushoto 8.2. Toini imewekwa 1.6.

Rasta ileile kwa 50, kwa 55, kwa 60: inapiga mara moja inatulia. Shimi hakuna. Lakini usukani sasa ni mzito nikikata kona polepole, haurudi wenyewe vizuri, na ile inchi 2 na nusu ya boksi bado ipo. Nikaze boksi?

Fundi_Kerezo

Kasta hiyo ni sawa, tofauti ni chini ya digrii moja ya tano. Tafuta uzito ulipo kabla ya kugusa boksi. Inua eksli, toa draglinki kwenye spindeli, geuza tairi kwa mkono. Zikigeuka kwa urahisi, uzito uko kwenye boksi au kwenye kukaza plagi. Zikigoma, kingipini zimebana: toa tairodi ujaribu kila upande peke yake ujue ni ipi. Mara nyingi ni shimu moja ya ziada, au grisi haijafika chini. Pampu grisi eksli ikiwa imeinuliwa, uzito ukiwa umetoka kwenye beringi, mpaka uione inachungulia. Ikiwa chini, grisi inatoka njia rahisi ya juu na beringi inabaki kavu. Baada ya hapo ni kila kilomita 800.

Boksi sasa. Draglinki ikiwa imetolewa, tafuta katikati: hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, rudi nusu. Marekebisho yote yafanyike hapo katikati, kwa kuwa meno yametengenezwa yabane katikati na kulegea pembeni. Ukikaza kwenye kona ambako kuna nafasi, ukirudi katikati yatakwaruzana na kuliwa.

Mpangilio ni huu, na usiuruke. Kwanza ondoa mchezo wa juu-chini wa shafti ya usukani kwa nati ya kurekebishia beringi zake. Vuta usukani juu na sukuma chini, usisogee, lakini uzunguke bila kukwama. Pili ondoa mchezo wa ndani-nje wa shafti ya sekta (kipande chenye yale meno mawili) kwa skrubu ya ubavuni: kaza mpaka iguse, rudisha kidogo, funga nati yake. Tatu ndipo usogeze sekta karibu na womu (skrubu iliyo mwisho wa shafti ya usukani), kwa hatua ndogo, ukijaribu usukani kutoka mwisho hadi mwisho kila mara. Kukiwa na mahali pazito katikati, umepitiliza, rudisha. Ukiona inchi 1 ukingoni mwa usukani, ishia hapo. Usitafute sifuri, uwiano ni 13 kwa 1 tu, na boksi lililobanwa ndilo linalozuia usukani kurudi wenyewe.

Ukikaza hatua ya tatu na mchezo haupungui, sekta imeliwa katikati. Fungua uangalie: ukiona ngazi kwenye uso wa jino, sekta na womu vibadilishwe pamoja. Vikiwa vizima, safisha, jaza oili nzito ya daraja la 600W au grisi laini ya nusu-kimiminika. Grisi ya kawaida ya beringi usiweke humo, inasukumwa pembeni na meno na haimiminiki kurudi.

Mwana_Tudor

Kushoto ndiko kulikokuwa kunabana, shimu moja imetolewa. Boksi liko inchi 1 na robo, sekta ina alama kidogo lakini haina ngazi. Usukani unarudi.

Rimu19

Kaza tena nati za tairi baada ya kilomita 80 za kwanza, futi-pauni 64, kwa msalaba siyo kwa duara. Na pima toini tena baada ya 500. Bushi mpya zinakaa kidogo, na 1.6 inaweza kusogea.

Fundi_Kerezo

Na breki za mbele pia, kabla ya hizo kilomita 80. Pini ya breki inapita ndani ya kingipini, na ulizibadilisha zote mbili. Inua mbele, kata usukani mpaka mwisho kila upande huku unazungusha tairi. Likianza kugoma kwenye kona, breki inajishika yenyewe. Rekebisha kabla hujaitoa barabarani.